Sarafu za Birika la Shangani

Fauzia binti Mohamedi alianza kupenda sarafu za kale akiwa bado msichana wa Mikindani. Mvua kubwa ilibomoa ukuta wa nyumba ya mawe jirani na kwao, na kwenye tope la kifusi akaokota kisarafu cheusi chenye maandishi ya Kiarabu. Wenzake walikitazama wakakiona hakinunui hata karanga, wakaenda zao. Yeye alikisugua kwa ndimu na majivu mpaka mchoro wa mizani ukajitokeza upande wa pili, akashinda nacho kutwa nzima akiwaza ni mikono ya nani iliyowahi kukishika kabla yake.

Alipoolewa na Shaibu, mchuuzi wa samaki, walihamia Mtwara mjini. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mazungumzo, wateja walikuja kujua anachopenda. Huyu alimletea heller, senti ya enzi za Mjerumani, iliyochimbuliwa shambani pamoja na mihogo, yule rupia ya bibi yake. Fauzia aliwalipa kwa kuwashonea. Sarafu zenyewe alizitunza kwenye kitambaa cha kaniki alichokishonea vijimfuko, kila sarafu na chumba chake. Hakuwahi kuuza hata moja. Shaibu alikuwa akimtania kwamba ameoa benki isiyofungua milango.

Mahali alipopata sarafu nyingi kuliko kwingine kote palikuwa kwenye birika la Shangani, mtaa wa mji huohuo. Hili lilikuwa birika la saruji katikati ya bustani ya zamani, lenye bomba nene la chuma ambalo enzi za mkoloni lilirusha maji juu. Pampu ilikufa zamani, lakini mvua na bomba moja linalovuja vililitunzia maji yake. Maharusi walikwenda pale kupiga picha, wa kanisani na wa msikitini, na kabla ya kuondoka walitumbukiza sarafu wakinuia jambo. Mabaharia wa meli za korosho walifanya hivyo hivyo. Hata wanafunzi waliokuwa wakingoja matokeo ya mtihani walipita hapo kimyakimya.

Miaka ya tisini katikati, kiangazi kilipopunguza maji, Fauzia alianza kuingia. Alifunga cherehani, akaenda Shangani jioni watu wanapotembea, akavua viatu, akakunja khanga mpaka magotini na kupapasa tope kwa vidole. Hakujificha. Mtu akimuuliza, alieleza utaratibu wake: akichukua sarafu ya kale, huacha shilingi ya siku hizi mahali pake, kwa hiyo birika halipungukiwi. Sarafu mpya hakuzigusa. Maelezo hayo yaliwatosha watu, naye yalimtosha.

Siku moja alipeleka vidole kwenye ufa uliokuwa kwenye tako la lile bomba. Ndani yake kulikuwa na kitu kimebanwa. Alikivuta kwa pini ya nywele, zikatoka sarafu mbili za senti kumi za mkoloni, zile zenye tundu katikati, zimefungwa pamoja kwa waya mwembamba wa shaba. Zilikuwa nzuri mno, hazikuliwa na chumvi. Palepale moyo wake ulimwambia kwamba hizi hazikutupwa, mtu alizipachika kwa mkono wake. Alisita na miguu ikiwa majini. Kisha akaacha shilingi mbili ufani, akaondoka. Nyumbani aliukata ule waya kwa mkasi ili kila sarafu iingie kwenye kijimfuko chake, waya akautupa.

Ikapita miaka. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kiangazi kingine kikali kilikausha birika karibu lote, na Fauzia alipofika alimkuta mwanamke mtu mzima amepiga magoti ndani yake, gauni limelowa pindo, anachokoa ufa ule ule kwa njiti. Alimtambua. Alikuwa Mwalimu Helena, aliyefundisha shule ya msingi mjini hapo, mzaliwa wa huko Mbinga, mjane. Fauzia aliwahi kumshonea sare za shule.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. Helena aliitikia bila kugeuka.

Fauzia akamuuliza amepoteza nini. Helena alijinyoosha, akakaa kwenye ukingo, akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja kilichopo sokoni. Siku ya harusi yao, yeye na marehemu mumewe Paulo walikuja hapa na sarafu mbili walizopewa na mama mkwe. Paulo alikuwa fundi umeme bandarini. Alizifunga kwa waya wa kazini kwake, na badala ya kuzitupa kama wengine, aliingia majini na suruali ya harusi akazipachika mahali ambapo mawimbi ya watoto wanaooga hayatazing'oa. Watu walicheka, picha ikapigwa akiwa amelowa. Paulo alipofariki, ndugu zake walikuja wakabeba kila kitu: kitanda, redio, saa, hata hiyo picha. Helena alibaki na watoto na birika. Kila alipozidiwa alikuja kukaa hapa ukingoni. Hakuhitaji kuziona, alijua zipo tu.

"Leo nimesema nizitazame, kwa kuwa maji hayapo," alisema. "Nimekuta shilingi mbili za juzi juzi."

Fauzia aliutazama ule ufa. Hakuna aliyeona alichokitoa humo siku ile. Angeweza kumpa pole, akazungumzia joto, wakaagana kwa heshima. Helena asingejua mpaka anaingia kaburini. Fauzia akakaa naye ukingoni.

"Mwalimu, shilingi hizo niliziweka mimi," alisema. "Sarafu zako ziko nyumbani kwangu. Nilijua zimewekwa, hazikutupwa, nikazichukua hivyo hivyo."

Helena alisimama. Kisha akavaa viatu vyake juu ya miguu yenye tope, akaenda zake.

Usiku ule Fauzia alimweleza mumewe. Shaibu alisema kilichotumbukizwa kimetumbukizwa, na kama kuna wa kulaumiwa, basi ni wale ndugu wa marehemu. Fauzia alitamani kumwamini. Kesho yake alimwendea shehe wa msikiti wao, ambaye alimwambia kwamba kitu kilichopotea hutangazwa mpaka mwenyewe apatikane, na kitu alichokitoa mtu kwa hiari yake kina hukumu nyingine, lakini kitu kilichotolewa pamoja na nia ya moyo, hilo ni swali gumu, ampe nafasi alifikirie. Mpaka leo bado analifikiria.

Fauzia hakungoja. Alikwenda kwa Helena jioni, akabisha hodi, akaziweka zile sarafu mbili juu ya meza. Alieleza pia kuhusu waya, kwamba aliukata na kuutupa, na kwamba hilo hawezi kulirudisha. Alidhani Helena atazikusanya waende wote birikani kuzirudisha ufani, na alikuwa amejitayarisha kuingia topeni mbele ya watu.

Helena hakuzisogelea mara moja. Baadaye alichukua moja, akaisugua sugua kwa kidole gumba, akaanza kulia taratibu, bila kujifunika uso. Alisema kwamba katika nyumba hii hakuna kitu hata kimoja ambacho Paulo alikishika. Watoto wake wamekua bila kuonyeshwa kitu na kuambiwa hiki ni cha baba yenu. Sasa kipo, juu ya meza.

"Hazirudi tena majini," alisema, akifuta macho. "Lakini usidhani nakushukuru, Fauzia. Nimefurahi kuzipata, na ulinikosea. Yote mawili ni kweli."

"Nimekuelewa, Mwalimu," Fauzia alijibu. Helena akainuka, akabandika chai.

Kuanzia hapo Fauzia hakuweza kukifungua kile kitambaa cha kaniki kwa furaha ya zamani. Kila kijimfuko kilikuwa na mtu ndani yake. Akaamua kufanya lile alilolisema shehe kwanza, kutangaza. Kila Jumapili jioni alikitandaza kitambaa kwenye nyasi za bustani kando ya birika, sarafu za kupewa na wateja akiziacha nyumbani, akawaambia wapita njia kwamba hizi zilitoka humu, mwenye yake aichukue.

Shaibu aliona aibu juma la kwanza. La pili alikuja kukaa naye. Watu walikuja kwa udadisi, wakainama, wakabaki. Fundi bomba mmoja wa bandarini, Anold, alimwonyesha sarafu ya Kigiriki, akasema ilitumbukizwa na baharia aliyelala nyumbani kwao akiugua malaria, alipopona. Alipoombwa aichukue, alikataa: iwe hapo, ila Fauzia awe anawaambia watu habari yake. Bibi mmoja, Somoe, alidai tatu, na Fauzia alijua wazi kwamba moja tu ndiyo yake, kwa kuwa mbili alizitaja vibaya. Alimpa zote. Wengi hawakutaka kuchukua chochote. Walitaka kusimulia walichonuia na jinsi kilivyokuja, au kilivyokataa kuja, kisha wakaomba sarafu irudishwe majini, naye akairudisha mbele yao.

Kitambaa kilizidi kuwa chepesi. Alishangaa kuona hakuumia. Alichokuwa akikitafuta tangu siku ya ule ukuta wa Mikindani, habari za mikono iliyozishika, sasa kilimjia chenyewe kikiwa hai, kikikaa kwenye nyasi na kula korosho.

Miaka michache baadaye ilisemekana kwamba birika litafukiwa kwa kuwa linazaa mbu. Waliozoea kukutana pale Jumapili hawakukubali. Helena, ambaye wakati huo alikuwa amepandishwa kuwa mwalimu mkuu, alikwenda ofisi za mji kuzungumza na wahusika, akatoka na ruhusa: likarabatiwe na wananchi wenyewe. Anold akaleta pampu iliyotupwa akaifufua. Vijana wa kanisani na wa madrasa walikomba tope kwa zamu, na kila sarafu iliyoonekana ilioshwa ikawekwa kando mpaka kazi iishe, kisha zote zikarudishwa. Fauzia ndiye aliyezilinda. Hakuna aliyeona ajabu kumpa kazi hiyo, isipokuwa yeye mwenyewe.

Siku maji yaliporuka tena, yaliruka upande, yakamlowesha Shaibu na kanzu yake ya Ijumaa, bustani nzima ikaangua kicheko. Helena alikuwa amesimama na binti yake, Tumaini, aliyekuwa amechumbiwa. Alimsogeza mbele kwa Fauzia, akasema wamekuja kuomba kipimo kichukuliwe, maana gauni la harusi wanataka lishonwe na yeye.

Fauzia alikausha mikono kwenye khanga, akamzungusha binti taratibu, akamtazama mabega.

"Akitaka kuingia majini kama baba yake," alimwambia Helena, "pindo tutalifupisha kidogo."