Mheshimiwa Kefa Hajibu

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Jimbo la Chibwelele, mliopo jimboni na mliokimbilia Dodoma mjini kupanga vyumba Mkonze, mnatangaziwa kwamba Mbunge wenu, Mheshimiwa Kefa Mhembano, katika kipindi chake chote cha kwanza Bungeni, alitamka maneno yafuatayo: "Naomba mlango ufungwe, vumbi linaingia." Hoja hiyo iliungwa mkono na pande zote. Mlango ulifungwa. Ni wabunge wangapi mnaowajua walioomba jambo likatekelezwa kabla hawajaketi?

Kabla ya uheshimiwa, Kefa alikuwa bwana josho. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya josho la kijiji, ng'ombe wanaingia upande huu wakavu na kutoka upande ule wamelowa dawa, naye anatazama. Ng'ombe hawahitaji hotuba. Wenye ng'ombe walimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyewasikiliza matatizo yao mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika kama kweli alikuwa anasikiliza.

Ubunge aliupata kwa sababu ya jua. Siku ya kura za maoni za chama, wajumbe walikusanywa uwanjani tangu asubuhi. Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa Wakili Ernest Sila, kijana wa mjini, mtoto wa jimbo kwa upande wa bibi yake, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa kuliko mustakabali wetu. Aliongea mpaka vivuli vikahama. Akafuata mkandarasi mmoja aliyeahidi uwanja wa ndege. Mzee mmoja akauliza ndege zitakula nini, na jibu la mkandarasi peke yake lilichukua muda wa kuchemsha maharage. Kefa, aliyechukuliwa fomu na wafugaji wenzake bila kuulizwa vizuri, alipanda wa mwisho.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo. "Jua kali. Nimemaliza."

Wajumbe walimpigia kura kwa machozi ya shukrani.

Wakili Ernest hakusamehe. Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, alihama chama, akabadilisha rangi ya kofia na imani yake yote ya siasa katika wiki moja, akarudi jimboni na magari yenye spika. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mbunge bubu! Mmempeleka Dodoma kulala!"

Na kweli hali ya Kefa ilikuwa mbaya. Visima vitatu virefu vilikuwa vimechimbwa jimboni katika miaka ile, lakini hakuna aliyejua vimetoka wapi. Kefa hakusema. Ernest akasema ni vyake, matunda ya barua zake za kisheria, na watu wakaanza kuamini, maana mwanadamu humwamini anayesema kuliko anayenyamaza. Kilikuwa kimebaki kisima cha nne, cha kijiji cha Mgunga Mmoja, ambako akina mama bado walikuwa wanakwangua mchanga wa korongo na kuyasubiri maji kama mtu anayemsubiri mdeni wake. Mtambo wa kuchimba ulikuwa umeahidiwa kuja baada ya uchaguzi. Ernest alishatamka kwamba akishinda, mtambo utaanzia kijijini kwa bibi yake, ambako tayari kulikuwa na bomba.

"Mume wangu, sema kitu," mkewe Erica alimsihi. "Wanakumaliza! Sema hata uongo, wenzako wanawezaje?"

Kefa akamtazama, akakohoa, akaenda kumwangalia jogoo wake.

Hapa lazima nimlete Hashimu. Hashimu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mchoma nyama mkuu wa mnada wetu, mtu mwenye sauti ya kuamsha mbuzi aliyekwishachinjwa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na utani una sheria zake: mtani akikutukana, hukasiriki, unajibu. Usipojibu, umeshindwa, naye ana ruhusa ya kuingia kwako na kuchukua anachokipenda. Kefa, kwa kutojibu, alikuwa amemlisha Hashimu kuku kwa miaka. Watu walishasema Hashimu hana shamba, ana Mgogo, na kwamba kuku wa Kefa hufa kwa magonjwa mawili tu: kideri na Hashimu.

Wakili Ernest, aliyekulia mjini kwenye ghorofa, hakuyajua hayo. Alipita mnadani siku moja akamsikia Hashimu akinguruma: "Mheshimiwa mwenyewe sura kama kiatu kilichonyeshewa mvua!" Moyo wake ukaruka. Akamshika mkono.

"Ndugu, unamchukia sana yule mtu?"

"Mimi?" Hashimu akageuza mishikaki. "Nikimwona tu, mate yananitoka."

"Nakupa jukwaa. Mkutano wa kufunga kampeni. Sema yote, usimwachie kitu."

"Yote?"

"Yote!"

Hashimu alicheka mpaka akaunguza maini ya mteja.

Siku ilipofika, uwanja wa mnada ulijaa. Kwa vile hakukuwa na uwanja mwingine wenye kivuli, Kefa naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda nyuma ya umati, tayari kuhudhuria mazishi yake mwenyewe. Ernest alihutubia mpaka watoto wakalala, kisha akamkabidhi Hashimu kipaza sauti kama mtu anayekabidhi kisu.

"Wananchi!" Hashimu akaanza. "Huyu Kefa alipozaliwa hakulia! Mkunga akadhani ameletewa gunia la ubuyu, akaliweka stoo!"

Umati ukapasuka. Ernest akapiga makofi.

"Alipokwenda kuposa kwa akina Erica, hakusema neno! Alikaa! Wakala chakula cha mchana, yupo. Wakala cha usiku, yupo. Mzee akaona atashindwa kufunga mlango, akatoa binti!"

"Ni kweli!" akapiga kelele Erica kutoka nyuma, akiwa amesahau kwamba anaaibishwa. "Baba alisema, mchukue, nataka kulala!"

"Na mnajua anafanya nini huko Dodoma mnakomlipia mshahara? Mimi nilimwona kwa macho yangu nilipopeleka ngozi! Amekaa kwenye benchi la wizara! Kimya, kama kifurushi kilichosahaulika! Kesho yake nikapita, yupo. Wiki iliyofuata, yupo! Maofisa wameanza kuvaa tai. Wananong'onezana: huyu katumwa na nani? Mbona haombi kitu? Mbona anatutazama tu? Mkubwa mmoja akashindwa kula chapati yake. Wakamtolea kisima ili aondoke. Akasema ahsante, akakaa tena! Wakatoa cha pili. Akakaa! Wakatoa cha tatu! Nawaambia, yule si mbunge, ni jipu kwenye makalio ya serikali!"

Kicheko kilikatika. Watu waligeuka, kichwa kimoja kimoja, kumtazama yule aliyekuwa kwenye kigoda. Mama mmoja wa Mgunga Mmoja, Bi Restuta, alisimama na ndoo yake.

"Kwa hiyo visima ni vya Kefa?"

"Vya nani tena? Huyu wakili angenyamaza dakika ngapi?"

Ernest alirukia kipaza sauti, akauvuta waya, spika zikazimika. Kumzimia spika Hashimu ni sawa na kumvua samaki koti la mvua.

"Sasa mimi naomba kitu kimoja!" akanguruma kwa koo lake la kuzaliwa. "Mkimnyima kura atarudi josho, atafilisika, na mimi nitakula kuku wa nani? Mrudisheni benchini! Na wewe Kefa, jibu! Hujibu? Basi leo nakuja kumchukua jogoo!"

Akaenda kweli nyumbani kwa Kefa, umati nyuma yake, akamchukua yule mwekundu, mkubwa, aliyekuwa amesimama peke yake pembeni ya banda akiwa mpole ajabu, mabawa yameshuka. Kefa alimtazama jogoo, akamtazama Hashimu, akafungua mdomo. Mji mzima ukashika pumzi. Akaufunga. Hashimu alimla jogoo jioni hiyo hiyo, na mifupa akaifyonza hadharani.

Kura zilipigwa. Mgunga Mmoja walijitokeza mpaka wagonjwa. Matokeo yalipotangazwa asubuhi, Kefa alikuwa amemwacha Ernest mbali kiasi kwamba magari ya spika yaliondoka yakipiga wimbo wa harusi kwa makosa. Vigelegele vilipanda, vijana wakambeba Mheshimiwa na kigoda chake, Bi Restuta akimwaga maji ya mwisho ya ndoo yake chini kwa furaha, maana mtambo sasa ulikuwa unakuja.

Hashimu akapanda juu ya meza.

"Nyamazeni! Mbunge wetu mteule, simba wa Chibwelele, mkaaji mkuu wa Jamhuri! Nimekutukana mbele ya jimbo zima, nimekula jogoo wako, nimekupa ubunge. Leo ni leo, mtani! Taifa linakusikiliza! Jibu!"

Kefa akajikuna shingo.

"Yule jogoo alikuwa na kideri."