Nilijua Jaketi la Shemeji Linazama

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemvisha shemeji yangu jaketi la majini nililolijua kuwa linazama. Nalijua, nimeliona kwa macho yangu. Nimewalaumu watu wengi kwa jambo hili, na nitawataja hapa maana wana sehemu yao, lakini leo naanza na mimi.

Elimu yangu ni darasa la nne, mtanisamehe mwandiko. Ni mkulima wa kahawa na mahindi, jirani na Mlowo. Shemeji yangu alikuwa anaitwa Amoni, amemuoa mdogo wangu Edina. Mtu mkubwa, kifua kama mlango, mcheshi mpaka anakera. Kila tukimaliza kuvuna kahawa tulikuwa tunashuka Ziwa Rukwa, upande wa Mbangala, tunavua samaki aina ya magege miezi miwili mitatu ndipo tunarudi.

Sasa sikilizeni. Sisi ni watu wa mlimani. Kwetu maji ni ya kuchota, hayakufikii hata magotini. Mimi siwezi kuogelea, Amoni alikuwa hawezi, na mtumbwi wetu ulikuwa wa gogo moja, mwembamba, ukigeuza shingo haraka nao unageuka. Hatukuwahi kuogopa! Mjinga haogopi kitu.

Mwaka ule pale mwaloni, wanapoegesha mitumbwi, wakaweka sheria kwamba asiye na laifu jaketi haingii ziwani. Wapo waliokuwa wanayavaa ya kuonyesha tu, wakifika mbele wanayakalia kama mto. Sisi hatukuwa na hata ya kukalia. Amoni akabaki kusuka nyavu, mimi nikapanda gari kwenda Tunduma kununua mawili.

Mtu wa kwanza wa kumlaumu ni Side. Anauza vitu vya madereva wa malori pale karibu na mpaka, maturubai, kamba, vizibao vya reflekta vinavyometameta, na majaketi machache ya majini. Alinionyesha la rangi ya chungwa, gumu kidogo ukilibonyeza, limekatwa wazi kwapani ili mkono upige kasia, na lina mkanda unaopita katikati ya miguu lisikupande usoni. Nikalivaa, likanikaa. Nikamwambia nina shemeji mnene, hili halifungi kifuani kwake. Akatoa kubwa, na bei yake nayo kubwa. Nikaguna.

Side akacheka. Akaniambia, mzee wangu, usijitese, chukua reflekta kubwa ya dereva, nenda Chapwa kwa Fundi Ambakisye akushindilie sponji ndani, wavuvi wengi anawashonea yeye. Side, popote ulipo, ulijua unachosema? Wewe hata ziwa hujawahi kuliona!

Wa pili ni huyo Ambakisye. Alichana godoro kuukuu mbele yangu, akashindilia sponji ndani ya reflekta, akapiga cherehani, akaninyooshea kama mtu anayekabidhi suti ya harusi. Nikamuuliza kama litaelea. Akasema sponji ni nyepesi kuliko pamba, litakosaje kuelea. Nami nikaridhika. Kwa kweli lilikuwa zuri kuliko langu, lina mistari inayometameta.

Hapo bado sikuwa na kosa kubwa. Kosa la kuwa mjinga mtu anasamehewa.

Nilirudi nyumbani jioni. Asubuhi yake nikasema ngoja niyajaribu. Tuna pipa la kukingia maji ya mvua, nikayatumbukiza yote mawili. La chungwa likakaa juu kama boga. La sponji nalo likakaa juu, nikafurahi, nikaingia ndani kunywa uji.

Nilipotoka, juu ya pipa kulikuwa na jaketi moja.

Niliingiza mkono mpaka begani ndipo nikalipata, limelala chini kabisa. Kulitoa nilitumia mikono miwili. Lilikuwa zito kama gunia la kahawa lililonyeshewa. Nikalikamua, maji hayaishi. Nikalianika kwenye kichanja cha kahawa siku mbili. Edina alipita akaniuliza jaketi limefanya nini, nikamwambia nimelifua lilikuwa na vumbi la Tunduma.

Uongo wa kwanza huo.

Kwa nini sikurudi kununua lile kubwa? Nilikuwa nayo akiba ya kulinunua, msinionee huruma. Nilijiambia safari ni ndefu. Nilijiambia tunavua karibu na ufuko, na mzee anayesimamia mwaloni anaangalia tu kama umevaa. Nilijiambia tukiuza samaki wa kwanza namnunulia la kweli. Mbona la chungwa nililivaa mimi, basi? Halimtoshi, ndiyo, lakini hata lingemtosha, moyo wangu naujua.

Amoni alilipenda lile reflekta, jamani! Alilivaa tangu kwenye gari la kushukia ziwani. Wenzetu mwaloni walimtania kwamba amekuja kuongoza magari. Yeye akawajibu kwamba sasa hivi yeye ni dereva wa Kongo, wampishe. Hakulikalia hata siku moja, alisema zawadi ya shemeji haikaliwi. Mimi nacheka nao. Wiki nzima nacheka nao.

Siku yenyewe tulitoka alfajiri. Tulikuwa tunavuta wavu, upepo ukabadilika ghafla, ziwa lile lina maji ya tope na mawimbi mafupi yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Amoni alisimama kidogo kunasua wavu. Mtumbwi ukageuka, tukawa majini.

Jaketi langu lilinirudisha juu kama mtu amenishika kola. Nikaudaka mtumbwi uliopinduka, unateleza kama kambale. Amoni alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, naye anaelea. Anaelea, na anacheka! Akasema, "Shemeji, leo tumebatizwa upya."

Nilimshukuru Mungu. Nikajiambia kumbe lile pipa lilinidanganya.

Alisogea akashika mtumbwi upande wake. Tukakaa hivyo, tunapiga kelele kuita mtumbwi mwingine tuliouona kwa mbali. Ukageuza kuja kwetu. Lakini nikaona maji, yaliyokuwa kifuani kwake, yapo mabegani. Halafu yapo shingoni. Vidole vyake vinateleza, anashika tena, vinateleza.

Akaniangalia. Hakuwa anacheka tena. Akasema, "Shemeji, hili linakunywa."

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana haya mengine yote nilishawahi kuyasema nusu nusu, hili sijawahi.

Nilijua dawa yake. Angelivua lile jaketi, angebaki mwepesi, angening'inia kwenye mtumbwi kama mimi mpaka wenzetu wafike. Lilikuwa na zipu moja tu mbele. Neno lilinifika mdomoni. Livue. Nikafikiria ataniuliza nimejuaje. Mtu anakufa mbele yangu, mimi nafikiria ataniuliza nimejuaje!

Nikamwambia, "Jikaze, wanakuja."

Nilimshika kola ya reflekta kwa mkono mmoja. Nilimshika, naapa. Lakini lilikuwa lile lile gunia la kwenye pipa, na ndani yake sasa kuna mtu. Liliniponyoka. Wale wenzetu walipofika walinikuta mimi na mtumbwi.

Walimpata kesho yake, zipu imefungwa mpaka juu.

Msibani nililia kuliko mjane. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia. Edina alinishika mkono mbele ya wazee akasema, angalau kaka yangu alimjali mume wangu, alimnunulia jaketi zuri akavaa yeye lile la kawaida. Nikaitikia na hapo.

Mdogo wangu alilifua lile reflekta, akalikausha, akalikunja. Arobaini ilipopita, Jumapili moja baada ya ibada, ulipoanza mnada wa sadaka, wenzake wameleta kuku na mayai, yeye akatoa jaketi la Amoni. Akasema analitoa kwa Bwana limfae mvuvi mwingine.

Kijana mmoja anayejiandaa kushuka Rukwa akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha tena. Nikapandisha mpaka mwendesha mnada akaacha kuita bei akaniangalia. Nikapewa. Na kanisa zima likasimama, likanipigia makofi na vigelegele! Edina akaniangukia shingoni analia, akasema, "Kaka, ulimpenda."

Nadhani makofi yale ndiyo yaliyonivunja. Maji ya Rukwa hayakunivunja.

Nilimwomba anifuate nyumbani. Mimi si msemaji. Nikalitumbukiza jaketi kwenye pipa mbele yake, nikamwambia subiri. Tukasimama pale. Lilikaa juu, kisha likaanza kuinama upande mmoja, kisha likaenda chini taratibu bila kelele. Edina aliangalia mpaka maji yakatulia.

Akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikamwambia, "Kabla hatujashuka."

Akauliza, "Na mkiwa majini, ulimwambia alivue?"

Alisubiri jibu kwa heshima, kama tulivyofundishwa kumsubiri kaka mkubwa. Alipoona halitoki, akafunga kitenge chake vizuri akaondoka. Mwaka wa pili huu hajapita tena njia ya kwangu, anazungukia kwa chini, shamba mpaka shamba.

Basi nyie mnaoshuka ziwani na vimitumbwi vyenu, msinunue jaketi kwa kuangalia mistari inayometameta. Libonyeze, likikunjamana kama godoro liache. Liweke kwenye pipa, nenda shambani, urudi jioni uliangalie. Lifunge kifuani kwa mtu atakayelivaa, si kwa wewe uliyetumwa kununua. Side na Ambakisye bado wanauza, kila mmoja na dhambi yake.

Na ukishajua kwamba ni bovu, sema. Hata kama umeshadanganya, hata kama mmeshafika majini na unaona aibu, sema. Langu lilikuwa neno moja tu, jepesi, lingeelea lenyewe mpaka kwake.