Theluji ya Mabira

Enzi za Wadachi, mwalimu alitupeleka sisi wanafunzi wa pwani hadi Karagwe, kaskazini-magharibi ya mbali. Tukipanda mlima wa Mabira kwenye baridi kali, niliona kitu cheupe kileleni.

“Theluji hiyo, washamba nyie!” nikapayuka. “Mimi naijua.”

Nikawatangulia mbio, nikachota konzi nzima, nikabugia wote wakinitazama. Ilikuwa chungu, vumbi tupu. Mpumbavu mimi, badala ya kutema nikameza, nikajilamba.

“Tamu! Inayeyuka mdomoni.”

Mama mmoja aliyekuwa akichunga pale akanitazama kwa huruma, akamnong’oneza mkalimani wetu. Mkalimani akafasiri kwa sauti kuu:

“Anauliza, kwenu kuna njaa? Hayo ni majivu ya mavi ya ng’ombe, wameyachoma kufukuza inzi.”