Toa Na, Weka Li

Juzi nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi hapa Kibiti, mwanangu mgongoni, akaingia dada mmoja anayesomea udaktari wa falsafa. Mwenye duka anamjua, maana amemchapia masahihisho mwaka mzima.

“Msimamizi kakataa tena, dada?” akamtania.

“Kakubali yote. Nataka ukurasa wa mbele tu.”

Ukurasa wenyewe ulikuwa na mstari mmoja: “Kwa baba yangu, anayesubiri kitabu hiki kule Mohoro.”

“Sasa kosa liko wapi hapo?”

“Kwenye anayesubiri. Toa na, weka li,” akasema dada, macho kwenye meza. “Tumemzika Jumatatu.”

Mwenye duka akazima redio. “Pole, dada yangu. Mungu amrehemu mzee.”

Kabla ya kufuta chochote akachapa kwanza ukurasa ule kama ulivyokuwa, akautia kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili. “Huu kaa nao wewe.” Ndipo akabadilisha.

Darasa la tatu nilichapwa kwa kuchanganya “na” na “li”. Mwalimu alisema ni herufi mbili tu, haelewi zinanishinda nini. Leo ningekuwa na la kumjibu.