Siku Nilipowanawisha Wakwe kwa Mguu Ulioteguka

"Huo mguu, mwanangu, umezaliwa nao?" Swali hilo aliniuliza shangazi wa mchumba wangu Magesa mbele ya koo mbili, na mimi mwenye shahada, ninayebishana hata na mtabiri wa hali ya hewa redioni, nikakosa jibu. Nikilikumbuka mpaka leo natamani kuingia chini ya kitanda.

Siku mbili kabla nilikuwa nimetegua kifundo cha mguu pale Bunda, nilipokuwa nashuka kwenye bodaboda huku natazama simu (najua, msiniambie), nikakanyaga ukingo wa mtaro. Kikavimba kama andazi. Muuguzi wa zahanati akanibonyeza nyuma ya mifupa ya kifundo, akaniambia nipige hatua nne, nikazipiga, akasema haionekani kama kuna kilichovunjika: nifunge bandeji, niweke barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa, niinue mguu na nisiusimamie kwanza.

"Bila picha unajuaje?" nikamwuliza.

"Dada, ukitaka picha nenda Musoma," akacheka, "ila kupumzika kuko palepale."

Nyumbani Butiama nikamkuta Mama Mkubwa Wegesa ameshachemsha maji ya chumvi na samli iko tayari. "Lete huo mguu, nakandaga watu hapa tangu hujazaliwa." Nikamkatalia, nikamweleza kwamba kukanda kwa maji ya moto siku za mwanzo kunaongeza uvimbe (hapo nilikuwa sahihi, naomba mnikubalie).

"Haya, daktari. Basi keshokutwa kaa, mdogo wako awanawishe wageni."

Hapo ndipo nilipoharibu. Wageni wenyewe ni ukoo wa Magesa, wanatoka Mugeta kuja kuniona kabla hawajakubali kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na kwetu anayeposwa ndiye anayenawisha, tena kwa goti. Nikajiuliza, wakinikuta nimeinua mguu juu ya mto si watasema wanapewa mgonjwa? Nikaamua kuficha, nikafungua bandeji kwa sababu viatu vya mchuchumio vilikataa kuingia nayo, nikameza dawa ya maumivu, nikabeba jagi na beseni.

Nikaanza na mshenga wao, mzee wa suti ya kijivu. Goti nililipiga vizuri sana. Kuinuka ndiko kulikonishinda, kifundo kikapinda, na jagi zima likamwagikia mapajani mwa mzee wa watu. Akaitazama suruali yake kwa utulivu.

"Kunawa nimenawa. Sabuni iko wapi?"

Watu wakacheka, isipokuwa akina mama wa Mugeta, ambao walikuwa wananiangalia ninavyochechemea kurudi jikoni. Ndipo shangazi akauliza swali lake. Nikisema nimeteguka, wataniuliza nilikuwa naficha nini, na nikinyamaza, nimezaliwa nao. Nikajifanya natafuta sabuni.

"Hajazaliwa nao!" akadakia Mama Mkubwa. "Huyu amezaliwa na ubishi tu. Mguu kaupata Bunda juzi."

Hata Magesa alicheka, msaliti yule. Ila ndugu zake wakatoka nje kushauriana, nami nikakaa, mguu sasa uko juu ya mto, nikiwaza kwamba nakosa mume kwa sababu ya viatu. Wakarudi na neno moja: watakuja tena baada ya mwezi, na wanataka kuniona natembea pekupeku.

Mwezi huo nilitii kila kitu. Nikafunga bandeji na kuinua mguu, na uvimbe ulipopungua nikawa naandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, Mama Mkubwa akipita anauliza nimefika darasa la ngapi. Walipokuja nikatembea pekupeku uani, kwenda na kurudi, wakakubali. Bado nahoji kila kitu, lakini sitaficha tena kiungo kilichovimba, hata kwa ajili ya harusi ya nani.

Shangazi yule nilidhani alikuwa ananikagua. Miaka mitatu baadaye, tunaosha naye vyombo kwake Mugeta, ndipo akaniambia kwamba siku aliyoonwa yeye na wakwe zake, naye alificha kifundo kilichoteguka, hakuna aliyemwuliza, na mpaka leo kinampinda kila akitoka kisimani.