Picha Zilizoanikwa Mbele

Zamani mtu alioga, akavaa nguo zake nzuri, ndipo akaenda studio. Siku hizi wateja wanaingia na flashi ya kompyuta mkononi, wanataka kuchapishiwa barua ya kuomba kazi, na hata kuketi hawaketi. Mpiga picha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Studio, alizipokea flashi zote na kuzichomeka bila kuuliza zilikotoka. Moja ikamwachia kirusi.

Asubuhi hiyo kompyuta iligoma. Iliwaka, ikazunguka weee, kisha kioo kikawa cheusi, kimebaki kimshale cheupe katikati. Akaizima, akaiwasha. Yaleyale. Mwisho ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Siku nyingine angeitukana tu, yakaisha. Lakini dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Binti wa pekee wa dada huyo alikuwa amefariki, na picha ya marehemu iliyokuwa ukutani ililowa paa lilipovuja. Wino ukachuruzika, uso ukawa doa. Picha ya mama yao, iliyosafishwa kwenye chumba cha giza kabla ya mashine hizi kuja, ilinyeshewa na mvua ileile, na bado inakutazama machoni.

"Sura yake inanitoka, kaka," dada alisema. "Nikiamka naitafuta, naipata nusu."

"Nyamaza, mdogo wangu. Si mimi niliyempiga picha? Nitakusafishia nyingine."

Enzi za filamu maneno hayo yalikuwa na uzito. Mteja aliondoka na picha, filamu ikabaki studio ndani ya bahasha yake. Hata nyumba ikiungua, unarudi kwa mpiga picha. Sasa bahasha hakuna. Kila kitu kimo ndani ya hilo sanduku lenye kwikwi.

Fundi wa kompyuta akaja, akajaribu kuirekebisha taratibu, ikakataa.

"Kirusi kimekula mafaili ya kuwashia, mzee wangu. Hapa ni kufuta na kupiga windows upya tu."

"Na picha?"

"Zikiwa kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski, ziko salama. Zikiwa kwenye desktop zitafutika, labda nizitoe kwanza. Umeziweka wapi?"

Aliyemuuzia ile mashine alimwambia siku ya kwanza kwamba vitu vya maana huwekwa D, naye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Lakini miaka yote picha alizozipenda alizianika mbele kabisa, kwenye desktop, jinsi alivyokuwa akizianika kwenye kamba ya chumba cha giza ili azione kila apitapo. Hakujua kwamba pale mbele napo ni mahali. Alidhani ni dirisha la kuchungulia tu, na kinachoonekana kinakaa nyuma yake, huko D.

Fundi alikuwa akimtazama. Dada naye.

"D," alisema. "Unaniuliza mimi? Kazi hii naishika wewe hujazaliwa!"

"Haya, mzee, usinile nyama," fundi akacheka, akaanza kazi.

Ikawaka. Safi kama sahani iliyooshwa. Ndani ya D mlikuwa na nyimbo za mwenye mashine wa kwanza, basi. Fundi akaacha kucheka. Akahangaika kuzifufua zilizofutika, vikatoka vipande: bega, kola nyeupe, na juu ya kola kijivu kitupu.

"Zilikuwa desktop, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Dada alisogea, akakitazama kile kipande. Hakulia, wala hakulaumu, na afadhali angelaumu.

"Basi nisimulie," alisema. "Siku ile wewe ulimtazama kwa karibu. Alikuwaje?"

Mzee Studio akafumba macho. Taa ya kushoto aliirudisha nyuma kidogo, hilo alilikumbuka. Pazia lilikuwa la buluu. Kola ilikunjika, akainyoosha kwa vidole viwili. Kisha akainama kwenye kamera.

"Alitulia," alisema. "Hakutikisika hata kidogo. Mwanga ulimkaa vizuri."

"Na uso?"

Akatafuta. Taa ilikuwepo, pazia lilikuwepo.

"Uso, kaka."

Fundi alishatoka. Mzee Studio hakufumbua macho.