Mishono Niliyoinyoa

Mimi sikusomea kuchomelea. Nilijifunza kwa kutazama, kwanza kwenye karakana za Mkuyuni, halafu kwenye simu, nikirudia video ileile mpaka chaji iishe. Kazi yangu ilikuwa mageti. Geti likishachomelewa, mshono unanyolewa kwa grinda mpaka vipande viwili vionekane kimoja. Mteja hupitisha kiganja kwenye kiungo, asipokwaruzika, anakusifu. Niliishi kwa ajili ya kiganja hicho.

Ndipo nikapata kazi ng'ambo ya ghuba ya ziwa, upande wa Sengerema, kwenye jengo la hospitali lililokuwa likiinuliwa kwa nguzo na mihimili ya chuma. Fundi mkuu, mzee mpole, aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi za namna hiyo. Nikasema ndiyo. Akanipa wodi ya wazazi, nichomelee viungo vya mihimili inayobeba paa.

Injinia wa mradi alipima viungo viwili vya kwanza, akaridhika, akahamia jengo jingine. Mimi niliiona mishono yangu ina mabonge. Wenzangu wakienda kula, nilibaki juu na grinda, nikanyoa, kisha nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hakuna aliyeniagiza.

"Dogo anatuandalia ukumbi wa harusi," mmoja alisema, wakacheka. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Wiki iliyofuata nilimwona injinia akiegemeza kibati kidogo kwenye mshono wa mtu mwingine. Nikamuuliza kinapima nini. Akanieleza, macho yake yakiwa kwenye kazi, kwamba unene wa mshono ndio unaobeba mzigo. Ukiupunguza, umepunguza nguvu ya kiungo. Nikamshukuru. Nikakimbilia wodini.

Mafundi wa dari walikuwa tayari wameanza wodini, kutokea mlangoni. Kila bodi ya jipsamu waliyoipandisha ilifunika kazi yangu, na mimi nilihisi nafunikwa nayo. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, nitaulizwa cheti, na sina. Siku tatu nilipanda ngazi nikijifanya natafuta nyundo, nikipapasa viungo kana kwamba vidole vingeweza kurudisha chuma kilichoondoka. Na kila mchana mama lishe wetu, mwenye mimba ya miezi saba, alitupakulia ugali na sato huku akituhimiza tufanye haraka, kwa sababu huyu wa tatu alitaka kumzalia kwenye wodi hiyo. Sikuweza kumtazama usoni. Siku ya nne niliiacha sahani yake, nikamfuata fundi mkuu.

"Mzee, ile mishono ya wodi niliinyoa."

"Ipi?"

"Sikumbuki ipi sikuinyoa. Chini ya rangi yote inafanana."

Akavua kofia yake ngumu. "Nani alikufundisha kunyoa mshono wa mhimili?"

"Hakuna, mzee. Hata kuchomelea hakuna aliyenifundisha."

Akatoa simu, akampigia injinia. Injinia alipofika aliamuru dari yote ishushwe. Mafundi wa dari hawakunitukana. Mmoja alinikabidhi tu bisibisi, akasema, "Haya, bwana harusi, anza wewe."

Nilidhani nitafukuzwa, na moyoni niliombea hivyo. Nilishajiona kwenye kivuko, narudi nyumbani Mkolani. Nikamuuliza injinia kama nikusanye vitu vyangu.

"Uende wapi?" alisema. "Kila kiungo utakikwangua rangi mwenyewe, nitakipima mbele yako, na kitachomelewa upya na mwenye cheti huku wewe umemshikia ngazi. Huondoki hapa mpaka cha mwisho."

Nikakwangua cha kwanza. Injinia aliegemeza kibati chake, kikacheza, mwanga ukapita kwa chini: mshono haukufikia kipimo. Akachora msalaba kwa chaki, akashuka, akasubiri nisogeze ngazi. Vilikuwa vimebaki thelathini na saba.